Nyama Ambayo Zahoro Hakuila

Lori la Zahoro lilipinduka mchana kweupe kwenye mteremko wa Igamba, likiwa limejaa magunia ya kahawa. Hakuwa amelewa, maana pombe hakuijua hata ladha yake. Hakuwa na usingizi pia. Utingo wake Jonasi, mtu mzima wa Isansa, alisimulia kwamba walikuwa wakizungumzia mvua zilizochelewa, mara Zahoro akakatiza neno katikati. Jonasi alipogeuka, alimkuta ameng'ang'ania usukani, shingo imepinda upande mmoja, macho yamemtoka, pembe ya mdomo inacheza yenyewe. Halafu mwili mzima ukaanza kutikisika, na lori likaacha njia.

Jonasi alivunjika mfupa wa bega. Zahoro alitoka na michubuko tu na ulimi alioung'ata mwenyewe, na hakukumbuka lolote tangu walipopakia mzigo kule Iyula. Nyumbani kwake Tunduma majirani walikuja kumpa pole. Walisema ni uchovu, na barabara mbovu, na lori la siku nyingi. Mkewe Siti aliyapokea maneno hayo kwa shukrani. Akampikia mumewe uji, akamkanda kwa maji ya moto, akaomba Mungu iwe ni uchovu kweli.

Wiki chache baadaye Zahoro alianguka uani akitawadha, birika likabingirika hadi mlangoni. Mara ya tatu ilikuwa msikitini, siku ya Ijumaa, safu nzima ya watu ikiwa imerukuu. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja uchovu tena. Watu walisema kifafa kwa sauti ya chini, na wengine wakasema jini. Kaka yake mkubwa Othmani, mwenye duka na ndiye mwenye lile lori, alimvusha mpaka akampeleka kwa mganga upande wa Nakonde. Zahoro akarudi na chale kifuani na hirizi shingoni. Akaanguka na hirizi yake vilevile.

Siti hakuzaliwa akiitwa Siti. Jina lake la nyumbani lilikuwa Tupokigwe, binti wa Barnaba, kutoka milima ya Ileje, katika ukoo ulioshika Ukristo tangu enzi za mababu. Alikutana na Zahoro mwaka ule wa kuhamishwa, serikali ilipokusanya watu wa milimani kuwaweka kwenye vijiji vya ujamaa. Malori yalikodiwa kubeba mizigo ya watu, na lori lililofika kwao liliendeshwa na Zahoro. Alipakia vyungu, mahindi, milango, hata mabati mawili ya kanisa. Lakini Barnaba aliposwaga nguruwe wake watatu kuwaleta penye gari, dereva alishuka akaweka mkono kifuani.

"Mzee, nisamehe sana. Nitapakia kila kitu chako, na ukitaka nitakubeba wewe mgongoni. Lakini hawa watembee."

Watu walicheka, hata katika uchungu wa siku ile. Tupokigwe alicheka zaidi ya wote. Zahoro aligeuka kuona ni nani anayecheka hivyo, na mambo yakaanzia hapo. Barnaba alikataa, akakataa tena, mwishowe akachoka. Binti akasilimu, akaitwa Siti, akateremka Tunduma. Mama mkwe wake, Bi Mwanamvita, alimpokea kama mwana wa tumbo lake. Alimfundisha kusoma sura fupifupi, kuchambua mchele wa pilau, kukaza unga wa chapati. Tangu siku ya ndoa Siti hakugusa tena nyama ya nguruwe, wala hakuitamani. Wakapata mtoto wa kike, Tabu, na wakaishi vizuri mpaka siku ya lori.

Hirizi iliposhindwa, Othmani alimchukua ndugu yake kwenda hospitali moja ya misheni, safari ya kutwa nzima kwa basi. Siti alibaki na mtoto. Kule daktari alimshikashika Zahoro mikono na mapaja, akakuta vinundu chini ya ngozi, vigumu kidogo, vinateleza kidoleni kama maharage. Akampiga picha ya eksirei. Ndani ya nyama ya paja zikaonekana alama nyeupe, nyingi, kama mtu aliyemwaga mchele. Daktari akasema kwamba kama hizo ziko kwenye paja, basi na kichwani zimo, na ndizo zinazomwangusha.

"Ni nini hizo?" Othmani aliuliza.

"Ni watoto wa mnyoo," daktari alijibu. "Mnyoo wa nguruwe."

Alikuwa bado anaeleza, lakini Othmani hakusikia kingine chochote. Neno lile lilimwingia sikioni likaziba njia. Walipanda basi, wakakaa viti viwili tofauti. Walipofika Tunduma Othmani alikwenda moja kwa moja kwa mama yao, na Zahoro akaingia kwake na chupa ya vidonge vya kifafa, akakaa kwenye mkeka bila kuvua viatu.

"Siti," alisema, "umewahi kuniona nikila haramu?"

"Sijawahi. Kwani kuna nini?"

"Wanasema nimekula nguruwe."

Mji ule ulikuwa mdogo wakati huo, duka hili linasikia la jirani. Kabla ya Ijumaa iliyofuata habari ilikuwa imezunguka: Zahoro dereva, mtu wa swala tano, kumbe akifika huko Mbozi na Ileje kwa wakulima hukaa vilabuni akatafuna kitimoto, na sasa Mungu amemwumbua. Imamu, mzee mpole, alisimama akawakumbusha watu kwamba kumzulia mtu ni dhambi. Walimsikiliza kwa heshima. Kisha Zahoro alipokwenda kukaa kwenye safu, wa kulia akasogea kidogo na wa kushoto akasogea kidogo, akaswali na nafasi tupu pande zote mbili.

Bi Mwanamvita ndiye aliyemuumiza zaidi, na hakutukana hata neno. Alikuja kumwona mwanawe kila siku kama kawaida, akamuuliza hali, akamsomea dua. Lakini Siti alipomletea maji kwenye kikombe cha nyumba ile, alikishika, akakiweka chini, akasema, "Nimefunga leo, mwanangu." Alifunga hivyo hivyo siku baada ya siku, ilhali Siti alimwona akinywa chai barazani kwa Othmani.

Zahoro aliacha kwenda msikitini. Vidonge navyo alivimeza siku anazotaka tu, akasema kama ni adhabu basi iishe yenyewe. Vilipokwisha alikataa kurudi hospitali. Siti akaona hapana. Akamwacha Tabu kwa jirani, akapanda basi peke yake kwenda kumwombea dawa.

Daktari aliitwa Osward. Alikuwa kijana bado, macho mekundu kwa kazi, na foleni nje ya mlango wake ilizunguka jengo. Alimkumbuka Zahoro mara moja.

"Kwa nini hamkuleta vinyesi? Nilimwambia yule kaka yake, kila mtu anayekaa nyumba ile apimwe."

"Hakutuambia, Dokta. Wao wamesema mume wangu amekula nguruwe. Naye hakula. Naapa kwa Mungu hakula."

Daktari alishusha kalamu. Akavuta kiti akakaa mkabala naye, na wala hakuitazama tena foleni.

"Sikiliza, mama. Mimi sikusema amekula nguruwe. Huyu mnyoo anaitwa tegu, na ana njia mbili. Mtu akila nyama ya nguruwe mwenye ugonjwa, haikuiva vizuri, anapata tegu mwenyewe, yule mrefu, anakaa utumboni. Anaweza kukaa miaka na miaka, na mtu asijue anaumwa. Sasa tegu huyo anataga mayai. Mayai yanatoka na choo cha yule mtu. Yakibaki mkononi, yakaingia kwenye chakula au maji, anayeyameza ndiye anayepata hivi vinundu. Huyo wa pili hahitaji kuonja nguruwe maisha yake yote. Anahitaji kukaa karibu na mwenye tegu tu."

Siti alisogeza kiti chake karibu.

"Anaonekanaje, huyo mrefu?"

"Mwenyewe humuoni. Unaona vipande vyake kwenye choo. Vyeupe, bapa, kama tambi pana zilizokatwa."

Alivijua. Alivijua tangu usichana wake. Kule Ileje mama yake, Ketrina, alikuwa akimpa mbegu za maboga zilizotwangwa, vipande vikatoweka, baada ya miezi vikarudi. Wasichana wengine kwao walikuwa navyo pia; lilikuwa jambo la aibu ndogo, kama chawa, la kunong'onezana kisimani. Alipoolewa hakuthubutu kumtajia mtu. Mambo ya chooni yangeanzaje kutajwa mbele ya Bi Mwanamvita, aliye msafi kiasi kile? Wala havikumuuma. Vilitoka, akavifukia, akasahau.

"Mbona akitoka kwa mbegu za maboga anarudi?" aliuliza.

Daktari alielewa. Hakuuliza swali la pili. Alifungua kitabu chake kikubwa akamwonyesha picha ya kitu cha mviringo, chenye duara nne pembeni, na juu yake taji la miiba.

"Hiki ni kichwa chake. Si kikubwa kuliko kichwa cha pini. Hizi nne siyo macho, hana macho. Ni za kunyonyea. Anazibandika kwenye ukuta wa utumbo zinashika, kama unavyonyonya kiganja chako kikanata mdomoni. Na hii miiba ni kulabu, safu mbili. Anazichomeka kwenye nyama ya utumbo, halafu anatulia. Hana mdomo, hana tumbo. Chakula kinapita ubavuni mwake naye anakisharabu kwa ngozi. Vipande vinaota kuanzia shingoni, vinarefuka, vya mwisho vimejaa mayai, vinakatika, vinatoka. Ukitoa vipande vyote na kichwa kikabaki kimeshika, anaota upya. Mbegu za maboga zilimkata mwili, hazikumng'oa."

"Ameshika hapo tangu sijaolewa," Siti alisema.

"Inawezekana."

"Na mimi ndiye ninayepika."

Daktari alisimama, akamletea vidonge vinne vikubwa vya rangi ya njano na maji. Akamwambia alale wodini, asubuhi avitafune kabla ya kula chochote, kisha atapewa dawa ya kuharisha.

Alivitafuna. Vilikuwa na utamu wa ajabu, kama pipi iliyochacha. Kabla ya saa sita mchana mnyoo alitoka, kwenye beseni, mrefu kupita kimo cha mtu, mweupe, pingili kwa pingili, upande mmoja mpana kama kidole na upande mwingine umekonda kama uzi. Muuguzi aliyekuwa naye alimwosha yule mnyoo kwa maji, akamtafuta kichwa kwa subira. Hakukipata.

"Dawa hii mara nyingi inakiyeyusha," daktari alisema. "Nadhani kimekufa. Lakini siwezi kukuapia. Baada ya miezi mitatu urudi tupime."

"Na mume wangu? Kuna vidonge vya kutoa vile vya kichwani?"

"Vya kupunguza kuanguka, ndiyo, na avimeze kila siku bila kuacha. Vya kuvitoa, bado hatuna."

"Na mtoto?"

"Mlete nimshike. Kama hana vinundu, tutashukuru. Lakini wakati mwingine vinakaa ndani, na miaka inapita kwanza."

Katika basi Siti alikaa na mikono yake mapajani, viganja vimetazama juu, kama mikono ya mtu mwingine aliyopewa aishikilie.

Alimwambia Zahoro siku ile ile aliyofika, wakiwa wawili uani, Tabu akicheza na vifuniko vya sufuria. Alimwambia yote bila kuficha. Alitegemea ngumi, au talaka. Zahoro alimsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukafunguka, ukawa kama wa zamani.

"Basi sikula," alisema. "Siti, basi sikula."

"Hukula, baba Tabu. Nitakwenda kwa kaka yako sasa hivi. Nitakwenda kwa Imamu."

Hapo akamshika mkono, ule ule uliokuwa ukimpikia.

"Usiende."

"Kwa nini? Watu wanakusema vibaya!"

"Mimi wananisema, wanasogea mbali nami, basi. Wewe watakutoa. Mama hatakuacha ukae humu hata siku moja, na Tabu watambakiza. Unawajua. Nyamaza. Mungu anajua sikula, na sasa na mimi najua sababu. Inanitosha."

"Hunichukii?"

Zahoro alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka haraka ili kumfurahisha mtu.

"Siku nyingine nitakuchukia," alisema. "Leo hapana."

Akaanza tena kumeza vidonge. Siti alimpeleka Tabu kwa daktari, akashikwashikwa, hakukutwa na kitu. Akawa ananawa mikono kwa jivu na sabuni mpaka ngozi ikapasuka, na hakupika tena bila kumwita Zahoro aone akinawa, ingawa Zahoro hakumwomba. Yeye alirudi msikitini, akaswali katika nafasi yake yenye uwazi pande mbili. Kwa miezi kadhaa hakuanguka hata mara moja, na Siti akaanza kuthubutu kupumua.

Kisha dawa zikaadimika. Ilikuwa wakati wa vita na Amini, nchi nzima ilikuwa ikikaza mkanda, na hospitali iliwaambia wasubiri. Wakasubiri.

Zahoro alianguka asubuhi moja ya masika, akielekea dukani kwa kaka yake, kando ya barabara kuu. Alianguka kifudifudi kwenye mfereji. Maji yaliyokuwamo hayakufika kifundo cha mguu. Watu walikuwapo, wengine walikuwa wakifungua maduka, wengine wakingoja gari. Walimzunguka wakasimama. Watu huogopa povu la mtu wa kifafa, husema ukilishika linakuhamia, na huyu juu ya kifafa alikuwa na ile sifa nyingine. Kila mmoja alingoja mwingine amguse. Mwanamke mmoja muuza ndizi, Mnamwanga kwa kabila, ndiye aliyetua sinia lake akaingia mferejini na kumgeuza uso juu. Alikuwa amekwisha kufa.

Walimleta nyumbani. Siti alikuwa ndani na Bi Mwanamvita na wanawake wawili watatu. Wakati wa kuosha maiti ulifika, na nje sauti ya Othmani ilisikika ikiuliza fulani yuko wapi, na fulani je. Fulani alikuwa amesafiri ghafla. Fulani anaumwa mgongo. Uani palikuwa na wanaume wachache sana kwa mtu aliyezikia watu mji mzima. Imamu mwenyewe alikuwa akikunja mikono ya kanzu, mzee yule, apate kuosha peke yake.

Siti akainuka. Mwanamke mmoja alimshika khanga, akamwambia mjane hatoki. Akajinasua na mkono ule, akafika mlangoni, akasimama mbele ya wanaume.

"Mume wangu hakula nguruwe," alisema. "Nilikula mimi. Kwetu, nikiwa binti wa Barnaba, kabla sijaujua Uislamu, kabla sijamjua yeye. Nikapata tegu. Mnyoo alinishika tumboni akakaa miaka, mayai yake yakatoka kwangu yakaingia kwake, katika chakula nilichompikia. Daktari ameniambia, na huyo mnyoo nimemtoa nikamwona. Zahoro alijua. Alikubali mmtukane yeye ili msinifukuze mimi. Sasa mwosheni."

Othmani alikuwa ameshika ndoo. Aliiweka chini polepole, akakaa juu ya ardhi yenye matope na kanzu yake nyeupe, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto.

Habari ile nayo ilizunguka upesi. Kufikia alasiri uani hapakuwa na pa kukanyaga. Jeneza lilipita mikono mingi kwenda makaburini, na wale waliosimama juu ya mfereji walikuwamo.

Siti alikaa eda yake katika nyumba ile. Chakula kililetwa kutoka kwa Othmani, na sahani zake zilirudishwa peke yake, zikaoshwa peke yake. Siku ya kutoka eda Bi Mwanamvita alikuja akakaa naye kitandani. Alikuwa amezeeka katika miezi ile.

"Sikuchukii," alisema. "Nimejaribu kukuchukia nimeshindwa, maana umemrudishia mwanangu jina lake. Lakini siwezi kula mkononi mwako, Siti, na siwezi kumwona mtoto wa Zahoro akila mkononi mwako. Nisamehe. Nenda kwenu. Tabu tutamlea."

"Nimepona, mama. Nimepimwa mara mbili."

"Najua. Nasema siwezi."

Hakugombana. Swali alilojiuliza usiku na mchana ni lile lile lililokuwa nyuma ya maneno ya Bi Mwanamvita: kama kichwa kile kilikufa kweli, au kiko mahali kimeshika.

Akarudi Ileje. Wazazi wake walikuwa kwenye kijiji kile kipya, nyumba zimepangwa mistari, nguruwe wanazurura kati ya nyumba hizo, na vyoo vichache vimechimbwa nusu vikaachwa. Aliwaambia watu aliyoyajua. Wengine walimsikiliza, wengine wakasema huyu Tunduma imemharibu akili. Mama yake Ketrina alimeza dawa, akalia, akauliza ni wangapi aliowapikia maishani mwake. Barnaba akachukua jembe akachimba choo, akawafungia nguruwe wake kwenye banda la miti. Ni banda la kwanza kijijini pale, na kwa muda mrefu lilikuwa la pekee.

Kila baada ya mavuno Siti aliteremka Tunduma. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye benchi nje ya duka la Othmani, na Tabu aliletwa, kila safari mrefu zaidi, kila safari mgeni zaidi, akampa mkono wa shikamoo na kukaa ukingoni mwa benchi. Siti hakumletea kitu cha kula. Alimletea kitambaa, au viatu. Alimtazama macho, alitazama pembe za mdomo. Mtoto alipokaa kimya ghafla, akikodolea gari linalopita, Siti alimkazia macho mpaka alipopepesa.

Kabla ya kupanda basi alimgeukia Othmani, aliyekuwa amesimama mlangoni pa duka.

"Haanguki, shemeji?"

"Haanguki."

"Hata kidogo? Hata kushtuka usingizini?"

"Haanguki, Siti. Nenda, gari litakuacha."

Naye alikwenda.